Punguzo la treni lifuate karte ya masomo, si mwaka wa kuzaliwa

Wandugu wa Nyunzu, wa Kalemie, wa Kabalo, na ninyi mlio mbali mnaotufuata kwenye telefone,

Tunadai bei ya mwanafunzi kwenye treni ya SNCC, Kalemie hadi Nyunzu hadi Kabalo, na kuendelea mpaka Lubumbashi. Juu ya hilo hatuna ugomvi kati yetu. Ugomvi unaanza pale tunapouliza: mwanafunzi gani? Kuna wenzetu, tena wenye nia nzuri, wanaosema tuandike "vijana chini ya miaka 25". Eti ndivyo inavyofanyika Ulaya, na eti wakubwa watakubali haraka tukiomba kidogo. Jibu letu ni hapana. Tukiandika miaka 25, tutawafungia mlango wa gare watu wale wale ambao vita viliwafungia mlango wa shule.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua mtoto aliyezaliwa Nyunzu mwaka 1993. Agosti 1998 vita vya pili vinaanza, ana miaka mitano. Kalemie inaingia mkononi mwa RCD, Kabalo inabaki upande wa Kinshasa, na reli iliyokuwa inatuunganisha inakatwa na mstari wa vita. Serikali ya mpito inaundwa mwaka 2003: ana miaka kumi, na pengine ndiyo kwanza anashika bic. Akisoma bila kurudia hata darasa moja, anamaliza shule ya msingi 2009. Yuko sekondari wakati mambo kati ya Batwa na Baluba yanaharibika. Tarehe 30 Aprili 2015 watu wanauawa katika kambi ya Vumilia, hapa hapa Nyunzu. Shule zinachomwa, walimu wanakimbia, familia zinalala kwenye madarasa. Februari 2017 wakubwa wanakutana Kalemie kuzungumza amani, na baada ya hapo vijiji bado vinaungua. Kama Mungu amemsaidia, huyu mtu anapata diploma yake ya Serikali akiwa na miaka 26. Halafu kuna minervale: alime mihogo, asukume magunia kwa kinga, auze mafuta ya mawese. Anapokaa kwenye benchi ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu ana miaka 29 au 30. Na hapo tumemhesabia mwenye bahati, asiyefeli, asiyezikwa, asiyeolewa.

Sasa huyu ndiye mnataka aambiwe dirishani: "Ule si kijana, ule ni papa, alipe bei ya bakubwa"?

Na bado sijamtaja msichana aliyepata mimba kwenye kambi ya wakimbizi akiwa na miaka 16, akalea, akarudi shuleni mtoto wake alipoanza kutembea. Yeye ndiye anayepewa matusi mengi kuliko wote, "mama mzima anavaa bleu-blanc", na ndiye aliyevumilia kuliko wote. Sijamtaja kijana Mtwa ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika sekondari. Watu hawa wakifika Université de Kalemie au Lubumbashi wakiwa na miaka 33, sisi tulipaswa kuwapokea kwa ngoma. Badala yake tunabishana kama wanastahili kupunguziwa tikiti.

Wengine wanaleta njia ya katikati: tutumie 35, kwa sababu Mkataba wa Afrika wa Vijana, ule wa Banjul wa 2006, unasema kijana ni mtu wa miaka 15 mpaka 35. Ni afadhali kuliko 25, nakubali. Lakini bado tunapima kitu kisichohusika. Bei ya mwanafunzi inatolewa kwa sababu mtu anasoma na hapati mshahara. Haitolewi kwa sababu ngozi yake ni laini. Mwenye miaka 22 anayefanya biashara ya samaki kati ya Kalemie na Kabalo na kupata faida kila wiki, yeye ni kijana, ndiyo, lakini kwa nini tumpunguzie yeye na tumwache yaya wa miaka 38 anayesoma ualimu kwa pesa ya muhogo?

Hata hao wa Ulaya mnaowasema, tuwasome vizuri. Uingereza kuna kadi ya treni ya vijana wa miaka 16 mpaka 25, inayopunguza theluthi moja ya nauli. Lakini hiyo hiyo kadi anaruhusiwa kuinunua mtu wa miaka 26, 40 au 60 kama anasoma kwa muda wote, na chuo chake kinathibitisha. Jina la kadi ni la vijana, mlango uko wazi kwa anayesoma. Kasoro ipo: lazima asome angalau saa 15 kwa wiki, wiki 20 kwa mwaka, kwa hiyo anayefanya kazi mchana na kusoma jioni anabaki nje. Hiyo tusiichukue, maana kwetu karibu kila mwanafunzi mtu mzima ana shamba au ka-biashara pembeni. Na ukivuka ziwa tu, Tanzania, nauli ya mwanafunzi kwenye daladala inapangwa na serikali: shilingi 200, hata pale nauli ya mtu mzima ilipopandishwa. Dereva analalamika, lakini bei iko, imeandikwa.

Kuna hofu ya udanganyifu. Wanasema: tukiondoa umri, kila mtu atajitengenezea karte ya chuo. Haya, tuulize basi, umri tutauthibitisha namna gani? Ni wangapi kwetu wana cheti cha kuzaliwa? Kitambulisho chetu ni karte ya uchaguzi, na wote tunajua tarehe ya kuzaliwa iliingiaje pale: uliulizwa, ukajibu, ikaandikwa. Kuna waliojiongezea miaka ili wapige kura, kuna waliojipunguzia ili wacheze mpira. Kati ya vitu vyote ambavyo mtu anaweza kudanganya Nyunzu, umri ndio mwepesi kuliko vyote! Kusoma ni kugumu kudanganya. Chuo kina orodha ya walioandikishwa, ina majina na mhuri, na inabadilika kila mwaka wa masomo. Orodha hiyo itumwe kwa shefu wa gare, jina likiwapo na karte ikiwa na picha, basi.

Swali la pesa ni zito zaidi na sitalikimbia. SNCC inawadai nani, nani anaidai, hilo ni pori. Tunachojua ni kwamba wafanyakazi wake wamelia miaka mingi juu ya mishahara isiyolipwa, na kati yao kuna baba zetu. Hatutaki punguzo linalotoka kwenye sahani ya mfanyakazi wa reli. Sheria ya Julai 2008 ndiyo iliyofungua njia ya kugeuza mashirika ya serikali kuwa kampuni za biashara, na SNCC ni mojawapo. Sawa, ni kampuni ya biashara. Basi serikali ikitaka kampuni iuze tikiti kwa nusu bei, serikali ndiyo ilipe nusu nyingine, kwa mkataba unaoonekana. Jimbo la Tanganyika lina guvernere na lina bunge lake. Bajeti inapigiwa kura kila mwaka pale Kalemie. Mstari mmoja wa kusafirisha wanafunzi mara mbili kwa mwaka, kwenda na kurudi, hautaangusha jimbo.

Najua utakavyonijibu: treni yenyewe iko wapi? Reli hii ilifika Kalemie mwaka 1915, kilomita 273 kutoka Kabalo, na leo abiria anaweza kungoja siku nyingi bila kusikia filimbi. Ni kweli. Na ndiyo maana bei inahusu uhai. Mwanafunzi asiye na pesa ya tikiti hakai nyumbani. Anapanda juu ya magunia kwenye treni ya mizigo, au analipa motari deni la miezi. Septemba 2019 treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, kwenye jimbo letu, na waliokufa walikuwa watu waliopanda bila kuandikwa popote. Hesabu ya kwanza ya serikali ilisema 50, halafu ikashushwa. Machi 2022 ikawa Buyofwe, Lualaba, zaidi ya 60, tena treni ya mizigo. Mtu asiye na tikiti akifa hata jina lake linatafutwa. Kwa hiyo hatuwezi kungoja reli ipone kwanza ndipo tuzungumze bei. Tunadai vyote viwili, behewa la abiria na bei ambayo anayesoma anaweza kuilipa.

Kwa hiyo kwenye barua itakayopelekwa kwa mkuu wa gare, kwa msimamizi wa teritware na kwa wabunge wetu wa jimbo, sentensi iwe hivi: "Kila mtu aliyeandikishwa kwenye shule ya sekondari, chuo kikuu au chuo cha ualimu, umri wowote, mchana au jioni." Maneno "umri wowote" ndiyo tutakayoombwa tuyafute. Tusiyafute.

Wenye kusoma mkiwa na zaidi ya miaka 25, msijifiche nyuma. Leteni fotokopi ya karte yenu ya chuo, na kwenye karatasi andikeni mwaka mlioacha shule, mwaka mliorudi, na kilichowatoa. Tutaziambatanisha zote na barua, ili atakayesema "hawa si vijana" asome kwanza miaka hiyo ilikwenda wapi.