Tamko la Wakulima wa Miti wa Ufipa Kuhusu Misitu ya Asili, Mashamba ya Miti na Vyanzo vya Maji

Chama cha wakulima wa miti wa Ufipa, chenye wanachama katika wilaya za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, kinatoa tamko hili kwa wananchi wa Mkoa wa Rukwa na kwa mamlaka zenye dhamana ya misitu, maji na ardhi.

1. Ufipa ni nchi ya nyasi. Kwa vizazi vingi mkulima wa hapa amerutubisha ardhi kwa intumba, matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze. Wahunzi wa kale walikata miti kupata makaa ya kuyeyushia chuma katika malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake yangalipo. Msitu wa asili uliosalia katika milima ya Mbizi ni mdogo, na udogo huo ndio unaoongeza uzito wa kuulinda. Humo wanaishi mbega wekundu. Humo vinaanzia vijito vinavyoteremka kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa.

2. Joto la dunia limekwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi tangu karne ya 19. Mimea inayotegemea ubaridi na ukungu husogea juu kadiri joto linavyoongezeka, lakini msitu ambao tayari uko kileleni hauna pa kusogea. Kiangazi chetu nacho ni msimu wa moto. Moto uliowashwa bondeni ili nyasi zichipue hupanda mteremko, ukafika ukingoni mwa msitu na kuunguza miche. Nyasi hushika nafasi ya miche hiyo, na mwaka unaofuata nyasi hizo hizo huubeba moto hatua kadhaa ndani zaidi.

3. Wanachama wa chama hiki wanaishi kwa mikaratusi na misindano. Mkaratusi umewapa nguzo, mbao, kuni za kuchomea matofali na ada za shule za watoto, na hukatwa ukachipua tena. Chama hakiukani mti huo. Hata hivyo, hunywa maji mengi, na shamba la mti wa aina moja huweza kuangushwa na adui mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliingia Afrika Mashariki nyigu mdogo atagaye ndani ya mshipa wa jani la mkaratusi. Jani huota vinundu, chipukizi hujikunja, mche hudumaa. Mti uliodhoofishwa na ukame humkabili adui wa namna hiyo ukiwa hauna nguvu.

4. Kwa hiyo chama kinatamka kwamba shamba la miti si msitu, na haliwezi kuhesabiwa kuwa badala yake. Ibara ya 27 ya Katiba inamwajibisha kila mtu kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zenye kuleta madhara, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Chama kinaichukulia chemchemi kuwa ndiyo mwanzo wa mto, nayo yastahili ulinzi huo huo.

5. Mamlaka husika zinaombwa kuacha kupima mafanikio kwa idadi ya miche iliyogawiwa siku ya kupanda miti. Kipimo cha haki ni miti iliyo hai baada ya viangazi vitatu. Vitalu vya umma vioteshe pia miti ya asili kwa mbegu zilizookotwa Mbizi kwenyewe.

6. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Chama kinauunga mkono. Lakini katika baridi ya Juni na Julai, moto wa jikoni Ufipa haupiki chakula tu. Wazee na watoto huuota. Mtungi wa gesi hauchukui kazi hiyo. Kaya hizo zitaendelea kutafuta kuni, na kama hazipati za shambani zitazifuata msituni. Kuni za mashamba ya miti ziingizwe katika mipango ya mkoa kuwa kinga ya Mbizi, na mkulima mdogo asitozwe ushuru unaomfanya ashindwe kushindana na mkata miti wa wizi.

7. Vijiji kadhaa vya Wilaya ya Tanganyika, katika mkoa jirani wa Katavi, vimepata mapato kwa kutunza misitu kupitia biashara ya kaboni. Endapo wanunuzi watafika Ufipa, mkataba usisainiwe kabla ya kusomwa kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji.

8. Wanachama wameazimia kuondoa mikaratusi yao iliyo ndani ya mita 60 kutoka chemchemi na vijito, pamoja na kuua visiki visichipue. Hawatadai fidia kwa miti iliyopandwa kando ya mito baada ya sheria ya mwaka 2004. Kwa iliyopandwa kabla ya hapo, wenye miti wasikilizwe. Kila mwanachama atasafisha barabara ya moto kuzunguka shamba lake kabla ya mwezi Juni. Atakayekaidi, au atakayeuza mbao au makaa yatokayo hifadhini, atafutiwa uanachama, na jina lake litawasilishwa kwenye serikali ya kijiji chake.