Msafishaji, kadogo na majina mengine matamu

Filamu Léon ya Luc Besson ilitoka Ufaransa mwaka 1994, lakini hadi leo wanafunzi wanapitishiana kwa flashi kama vile imetoka mwezi jana. Wanaoipenda wanasifu miwani myeusi ya Jean Reno, muziki wa Éric Serra na ukichaa wa Gary Oldman. Sina ugomvi nao, kwani filamu ni nzuri kweli. Ila sisi tunasoma lugha, na nadhani tuna wajibu wa kuisikiliza pia, si kuitazama tu. Maoni yangu ni haya: filamu hii husema kweli pale mtoto anapoviita vitu kwa majina yake, na hukosea pale anapowekewa kinywani maneno ya watu wazima.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Léon anaishi peke yake New York, anakunywa maziwa, anatunza mmea wake kwenye chungu, na anaua watu kwa malipo. Katika jengo lake anaishi Mathilda, msichana wa miaka 12, ambaye baba yake alikuwa akificha kokeini ya Stansfield, polisi mla rushwa wa idara ya kupambana na dawa za kulevya. Siku moja Stansfield na watu wake wanaiangamiza familia nzima, hata mdogo wake wa miaka 4. Mathilda anarudi kutoka dukani, anaona mlango wa kwao, anaupita kana kwamba haumhusu, anakwenda kubisha kwa jirani. Léon anasitasita, kisha anafungua.

Baadaye mtoto anamuuliza mwenyeji wake anafanya kazi gani. Léon anajibu kwamba yeye ni msafishaji. Mathilda anataka kuhakikisha: yaani wewe ni muuaji wa kulipwa? Léon anakubali. Mazungumzo hayo ni ya sekunde chache tu, lakini yana somo zima la tafsida. Mtu mzima analo neno lililooshwa, na mtoto analirudisha kwenye maana yake. Marekani filamu iliuzwa kwa jina lingine, The Professional, yaani mtaalamu wa kazi yake. Hilo nalo ni neno safi. Ukilisikia hufikirii maiti, unafikiria diploma.

Msiseme hayo ni mambo ya New York. Sisi tunalo neno letu, na tunaweza hata kulichambua darasani. Katika Kiswahili chetu cha Kongo, kiambishi ka- ni cha udogo, na mara nyingi ni cha mapenzi: mtoto akiwa mdogo ni katoto, wakiwa wengi ni tutoto. Katika vita vya 1996 na 1997, vilivyomfikisha Laurent-Désiré Kabila Kinshasa, watoto waliobeba bunduki waliitwa kadogo. Magazeti ya Kifaransa yalilichukua neno hilo lilivyo. Tazameni kazi ya kiambishi hicho. Ka- inamfanya mtoto awe wa kuchekewa na kupapaswa kichwani, huku silaha iliyo mkononi mwake haimo ndani ya neno hata kidogo. Ukisema "mtoto aliyefanywa askari", lazima mtu aulize ni nani aliyemfanya. Ukisema kadogo, hakuna anayeuliza.

Ndiyo maana sehemu ninayoiona kuwa kiini cha filamu si mapigano ya mwisho, bali mapatano ya wawili hao. Mathilda anataka kulipiza kisasi cha mdogo wake, kwa hiyo anaomba afundishwe kuua. Kwa upande wake atafanya kazi za nyumbani na kumfundisha Léon kusoma, maana bingwa huyu wa kuua hajui kusoma wala kuandika. Malipo yake yote yako kwa Tony, bosi anayemtuma kuua, na mtu asiyejua kusoma hawezi kukagua hesabu ya mtu yeyote. Mmoja anatoa bunduki, mwingine anatoa herufi. Juu ya paa wanalenga watu bustanini kwa risasi za rangi, na chumbani mwanamume mzima anahangaika na silabi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kati ya walimu hao wawili, aliyetoa kitu chema ni mtoto.

Mashabiki watanijibu kwamba Léon ana kanuni yake: haui wanawake wala watoto. Ni kweli, na kanuni hiyo ndiyo inayotufanya tumpende. Lakini hebu tuipime. Wanaume anaowaua wana watoto pia, na filamu haituonyeshi mlango ambao watoto hao walikwenda kuubisha. Baba yake Mathilda alikuwa mwanamume wa aina hiyohiyo, aliyeingia katika biashara chafu akaikosea. Angeweza kuwa kazi ya Léon ya wiki ile. Yatima hazaliwi yatima. Kuna mtu aliyemfanya awe yatima, na huenda mtu huyo naye ana kanuni zake.

Kosa kubwa la filamu liko mahali pengine. Mathilda anamwambia Léon kwamba anampenda, na si kwa namna ya mtoto na mlezi. Katika toleo refu lililoonyeshwa Ufaransa mwaka 1996 jambo hilo linakwenda mbali zaidi. Kweli, Léon anakataa. Lakini maneno yale hayakutoka kwa mtoto, yaliandikwa na mwanamume mzima, kisha akapewa msichana ayaseme mbele ya kamera. Natalie Portman, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza, alieleza hadharani Los Angeles mwaka 2018 kwamba barua ya kwanza ya shabiki aliyoifungua, akiwa na miaka 13, ilitoka kwa mwanamume aliyeeleza ndoto yake ya kumbaka. Anayesema "ni sinema tu" amjibu kwanza msichana yule. Neno likishatoka kwenye skrini lina watu wanaolisikia, na wengine wanaliona kama ruhusa.

Je, tuitupe filamu? Hapana. Mwisho wake unanizuia. Léon ameshakufa, na Mathilda anakwenda kwa Tony kuomba kazi ileile. Tony anakataa, anamwambia arudi shuleni. Pale shuleni mkuu anataka kujua kilichompata. Mathilda anaanza na uongo, hadithi ya ajali ya gari. Akibanwa, anasema yote: familia yake imeuawa kwa risasi na polisi wa dawa za kulevya, na yeye ameishi na muuaji wa kulipwa. Halisemi neno msafishaji. Anatumia neno lile alilolitumia siku ya kwanza, na shule inampokea. Kisha anauchukua mmea wa Léon na kuupanda ardhini.

Wengi wetu tutakuwa walimu, watafsiri au waandishi wa habari. Pengine siku moja mmoja wetu atapewa kazi ya kuweka maneno ya Kiswahili chini ya filamu kama hii. Léon akisema "msafishaji", aandike msafishaji, kwani huyo ndiye Léon. Lakini mtoto akiuliza swali lake, asilipake sukari. Aandike muuaji. Na kesho yake, akiandika habari za nchi yetu, alikumbuke neno hilo kabla ya kuandika kadogo.