Kwa Nini Sukari? Utando Hai na Mafunzo ya Shuleni

Kila mwaka, wanafunzi wapya wafikapo katika darasa langu la chuo kikuu, huanza nao kwa swali moja jepesi. Nawauliza: "Mtoto aharishapo tunampa maji yenye chumvi na sukari. Chumvi mnaielewa, kwa kuwa imepotea pamoja na maji. Sukari ni ya nini?" Wengi hujibu kuwa ni ya kumpa mtoto nguvu, wengine husema ni ya kuifanya dawa inyweke. Majibu hayo hayakosi chembe ya ukweli, lakini hayafiki kwenye kiini cha jambo. Na hao ni vijana waliofaulu Bayolojia vizuri, ambao ukiwauliza maana ya osimosisi wataikariri pasipo kukosea hata neno moja.

Siwacheki, kwani nami nimewahi kushindwa na swali hilohilo. Miaka michache baada ya kurudi nyumbani na shahada ya uzamivu niliyoisomea ng'ambo, nilimtembelea shangazi yangu kijijini, nikamkuta akimwuguza mjukuu wake aliyekuwa akiharisha kwa siku ya pili. Mhudumu wa afya alikuwa amemwelekeza namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Shangazi alitia chumvi, akaiacha sukari, maana tangu utotoni alifunzwa kuwa vitu vitamu huzidisha kuhara. Nilipomwambia kuwa amekosea, aliniuliza sababu. Nikaanza kueleza kwa istilahi za maabara, nusu Kiswahili na nusu lugha ya kigeni. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Baba, hayo ni ya kwenu chuoni. Mimi niambie tu, sukari inafanya nini tumboni mwa mtoto huyu?" Nilikuwa nimeandika tasnifu nzima juu ya utando wa seli, na sikuwa na jibu la kumfaa mtu aliyeshika kikombe mkononi.

Tulitengeneza maji mengine, safari hii kwa vipimo kamili, na mtoto alipona. Lakini aibu ile haijaniondoka, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Hoja yangu ni kwamba tunaufundisha utando kama mstari uliochorwa kitabuni na tafsiri ya kukariri, ilhali ungepasa kufundishwa kama kitu cha kushikwa mkononi, kikafuatwa hatua kwa hatua hadi kwenye kikombe cha mgonjwa. Elimu ya utando isipofika hapo, haijakamilika.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kiswahili hakina upungufu wa maneno katika jambo hili. Tunasema utando kwa ngozi nyembamba inayotanda juu ya maziwa yanapopoa. Tunasema kiwambo, neno litokanalo na kuwamba ngozi juu ya ngoma. Na kiwambo cha sikio ni ngozi ya namna hiyo hasa, yenye unene wa takriban milimita 0.1, inayotikiswa na mawimbi ya sauti. Wakunga husema chupa imepasuka wanapokusudia utando uliomfunika mtoto tumboni pamoja na maji yake. Popo huruka kwa ngozi nyembamba iliyowambwa baina ya mifupa ya vidole vyake. Mpishi akimenya kitunguu huondoa, kati ya tabaka moja na jingine, ngozi angavu ambayo unene wake ni seli moja tu. Na chini ya ganda la yai kuna tando mbili, ambazo huachana kwenye ule upande butu na kuacha nafasi ya hewa.

Ni kwa nini maumbile yamependelea wembamba namna hii? Jibu lake ni kwamba vitu vinavyosambaa vyenyewe, kama vile oksijeni, husafiri upesi katika masafa mafupi na polepole mno katika masafa marefu. Masafa yakiongezeka mara mbili, muda huongezeka mara nne; yakiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Ndiyo maana katika mapafu yetu damu na hewa hutenganishwa na utando usiofikia hata sehemu ya elfu moja ya milimita, uliokunjwa katika vifuko vidogo mamilioni mengi. Vifuko hivyo vikitandazwa chini vingeenea kiasi cha mita za mraba 70, yaani eneo la darasa kubwa.

Hizo zote ni tando za tishu, zinazoonekana kwa macho au kwa hadubini ya shuleni. Lakini kila seli ya mmea, ya mnyama na ya mwanadamu imezungukwa na utando mwembamba zaidi, wenye unene wa nanomita 7 hivi. Ukizipanga tando hizo moja juu ya nyingine, utahitaji zaidi ya 100,000 ili upate unene wa milimita moja. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, waliyatoa mafuta katika seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta kwamba yanatosha kuzifunika seli zile mara mbili. Wakahitimisha kuwa utando ni tabaka mbili za mafuta zilizobanana. Mwaka 1972 Singer na Nicolson wa Marekani walieleza kuwa tabaka hizo ni laini, zenye kuteleza, na kwamba ndani yake mna protini zinazoelea huku na huko. Protini hizo ndizo malango. Chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta; hupita mahali palipo na lango lake, na kila lango lina masharti yake.

Hapa ndipo tunapolipata jibu la swali la shangazi. Mnamo Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi uliofanyika Prague, Robert Crane alieleza kwamba utando wa seli za utumbo mwembamba una lango lisiloingiza sukari peke yake. Lango hilo huchukua sukari ya glukosi pamoja na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi tunayoila. Leo tunajua kuwa glukosi moja huingia na sodiamu mbili. Sukari ya mezani nayo huvunjwa kwanza kwenye uso wa utumbo, na nusu yake ndiyo glukosi. Vitu hivyo viwili vikishaingia mwilini, maji huvifuata. Basi sukari katika kikombe kile ni mwenzi wa chumvi mlangoni: ikikosekana, lango halifunguki, na chumvi iliyonywewa hubaki tumboni pamoja na maji yake.

Kipindupindu kinatuonyesha umuhimu wa jambo hili waziwazi. Sumu ya vijidudu vyake haiuchani utumbo, wala haiui seli zake. Huyafungua malango mengine, yale ya kutolea kloraidi, yakabaki wazi; sodiamu na maji hufuata nje, na mgonjwa aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Lakini lango la sukari na chumvi halidhuriki. Mwaka 1971, wakati wa vita vya uhuru wa Bangladesh, wakimbizi walifurika katika mji wa Bangaon nchini India, na kipindupindu kikawafuata. Maji ya kutundikia mishipani yalipokwisha, Dk. Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi, magadi na glukosi, wakihudumiwa na jamaa zao wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kiasi cha asilimia 30, vilishuka hadi asilimia 3.6 kati ya wagonjwa aliowasimamia. Baadaye, kuanzia mwaka 1980 hadi 1990, shirika la BRAC la nchini Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya chumvi na sukari guru kwa vidole na kiganja; zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa. Wengi wa akina mama hao hawakuwa wamekaa darasani. Walifundishwa kwa mikono, kisha wakatakiwa kurudia wenyewe mbele ya mwalimu.

Nasi hatuko mbali na habari hizo. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na baadaye kikaenea katika mikoa mingi. Kuhara kwa kawaida hakungojei hata mlipuko. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu ana mdogo wake, au mtoto wa jirani, ambaye siku moja atamhitaji mtu anayejua.

Tena anayejua kweli, kwa maana kujua nusu kuna hatari yake. Kipimo kinachofundishwa kwa matumizi ya nyumbani ni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya usawa wa mfuto, katika lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi, huvuta maji kutoka katika seli, zikiwamo za ubongo, na mtoto aweza kushikwa na degedege. Sukari ikizidi, kama katika soda na sharubati tamu, huyavuta maji kutoka mwilini kuja utumboni, na kuhara kukaongezeka. Kwa hiyo wazee waliomfunza shangazi hawakukosea kabisa. Walichoona kilikuwa sukari iliyopita kiasi. Unga wa pakiti unaotolewa zahanati ni bora zaidi, kwa kuwa vipimo vyake vimekamilika. Na mgonjwa aliyezidiwa apelekwe kwa mganga huku akiendelea kunyweshwa njiani.

Sasa nifike darasani. Walimu wataniambia kwamba hawana hadubini wala kemikali. Nawajibu kwamba somo hili lahitaji jiko zaidi ya maabara. Loweka yai bichi katika siki kwa siku mbili. Ganda litayeyuka na utando utabaki. Lipime, uliweke katika maji matupu usiku kucha, ulipime tena. Kisha liweke katika maji yaliyokolea sukari, na wanafunzi walione likinywea. Hapo osimosisi haihitaji kukaririwa. Halafu chukua mchicha mwekundu, uoshe kwa maji baridi, uone kwamba rangi haitoki. Uchemshe, na maji yatageuka mekundu. Moto umeuharibu utando uliokuwa ukiizuia rangi ndani ya seli. Mwanafunzi akiulizwa tofauti ya bakuli hizo mbili, ataanza kufikiri juu ya utando ulio hai na uliokufa.

Mwalimu wa Kemia naye asikae kando. Pakiti ya lita moja, kwa kanuni iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2002, ina gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi ya kawaida, 2.9 za sitreti ya sodiamu na 1.5 za kloraidi ya potasiamu. Wanafunzi wagawanye 13.5 kwa 180, wapate moli 0.075 za glukosi. Kisha wahesabu sodiamu yote, wakikumbuka kuwa kila molekuli ya sitreti ina sodiamu tatu. Watakuta hesabu mbili hizo zinakaribiana sana. Wakijiuliza kwa nini, watakuwa wamelikuta lango la Crane kwa kalamu na karatasi.

Wako watakaosema kwamba mtihani hauulizi mambo hayo, na muda ni mfupi. Nakiri kuwa muda ni mfupi. Lakini mwanafunzi aliyeliona yai likivimba hujibu swali la osimosisi kwa urahisi kuliko aliyekariri, tena hasahau baada ya mtihani. Wengine watasema kwamba sekondari zetu hufundisha Bayolojia kwa Kiingereza. Ni kweli, na simwombi mwalimu avunje utaratibu. Namwomba, mwishoni mwa kipindi, ampe kila mwanafunzi kazi moja: aende nyumbani akamweleze mama, bibi au jirani, kwa Kiswahili au kwa lugha yao, sukari inafanya nini tumboni, kisha arudi aeleze aliulizwa nini. Maswali atakayorudi nayo yatakuwa magumu kuliko ya kitabuni.

Najua pia nitaambiwa kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kwamba mhadhiri wa somo la utando hawezi kuacha kuusifu. Sikatai. Ila sijaomba utando uongezewe kurasa katika muhtasari wa masomo. Nimeomba kwamba kurasa zilizopo zifike mahali ambapo mtu anazihitaji.

Wanafunzi wapya wajapo mwaka ujao nitawauliza tena swali langu. Ningefurahi sana kama, safari hiyo, jibu lingetoka kwao.