Shaba inatoka, watu wa katikati wako wapi?



Uliza muzee yeyote wa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi: zamani mutu wa katikati alikuwa nani? Atakujibu: mutu wa Gécamines. Hakuwa tajiri. Lakini alikuwa na nyumba ya kampuni, posho ya unga, hospitali na masomo ya watoto. Watu walisema: «Gécamines njo baba, njo mama.» Fundi wa nguo, mama wa soko, muuza baiskeli, wote walikula juu ya mshahara ule.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470.000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 1991 na 1993 uporaji ukamaliza maduka na viwanda, makuta ikakosa bei. Kufika 1994, shaba ilibaki karibu tani 30.000. Halafu 2003, zaidi ya wafanyakazi 10.000 waliondolewa kwa kile walichoita «départ volontaire». Volontaire gani, wakati mutu amekaa miezi na miezi bila mshahara? Baba alirudi nyumbani na bahasha moja. Mama akaweka meza ya makala mbele ya mlango. Meza ile njo ilisomesha wengi wetu.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 2024 inchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Ni zaidi ya mara 6 ya ile ya 1986! Lakini mwaka ule wa 2024 Banque mondiale ilihesabu kama zaidi ya Wakongomani 7 juu ya 10 waliishi chini ya dola 2,15 kwa siku. Kijana ana diplome ya inginia, anaendesha moto. Aliyebahatika kuingia mgodini, mara mingi ameletwa na kampuni ya sous-traitance, mukataba mufupi. Akiugua, kwisha.

Kwa hiyo shida si shaba kukosekana. Shida ni njia ambayo makuta yake inapita.

Hatulilii zamani. Wakati wa Mobutu mfanyakazi alikula, lakini alifunga kinywa. Na baba mmoja akianguka, mji muzima ulilala njaa. Sisi tunataka haki, hatutaki posho.

Na sheria iko. Code ya migodi ya 2018 inasema: juu ya redevance, 25% ni ya jimbo, 15% ni ya mji, komini, sekta ao chefferie kwenye mgodi uko. Kampuni inapaswa pia kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria ya 2017 inaweka sous-traitance mu mikono ya kampuni zenye Wakongomani njo wenye sehemu kubwa, si jina la kukopesha tu.

Tunadai mambo matatu:
– hesabu ya 15% na 0,3% ibandikwe wazi kwenye kila komini;
– kazi ya kila siku ipate mukataba wa kweli;
– mwalimu na muganga walipwe kila mwezi, bila kuomba.

Juma hii, kila kikundi kiandike barua kwa burgumestre wake, kiombe hesabu ile. Akinyamaza, turudi. Akinyamaza tena, turudi wengi, kwa amani.

Inchi ni yetu. Hesabu pia ni yetu.