Tuzo ya Ufundishaji Haitolewi kwa Mwenye Projekta

Kila pendekezo la kuwatuza wahadhiri wanaobuni njia za kufundisha kwa teknolojia linapofika kwenye vikao vya vyuo vikuu vyetu, hoja za kulizima huwa zilezile. Nazijibu hapa, maana zinaposhinda anayeumia ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyebanwa ukumbini na mamia ya wenzake, akinakili slaidi asizozielewa.

Hoja ya kwanza: tuzo itawaendea wenye vifaa vya bei mbaya. Itakuwa hivyo kama kamati itahesabu vifaa. Lakini tumtazame Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Aliwapima wanafunzi wake kwa maswali mepesi ya dhana, mfano: lori likigongana uso kwa uso na gari dogo, lipi linalisukuma lingine kwa nguvu kubwa zaidi? Vijana waliozoea kukokotoa hesabu ngumu walikwama. Wengi walidhani ni lori, kumbe nguvu ni sawasawa pande zote mbili. Mwaka 1991 akabadili kipindi: anatoa swali, kila mmoja anachagua jibu kimya, kisha anamgeukia jirani yake wabishane, halafu wote wanachagua upya. Baadaye vikaja vibonyezo vya kupigia kura. Mwaka 2008 Nathaniel Lasry wa Kanada akalinganisha darasa la vibonyezo na darasa la kadi za kuinua juu, na katika walichojifunza wanafunzi hakuona tofauti ya maana. Kinachofundisha ni ule ubishi. Kibonyezo, au simu, kinamrahisishia mwalimu kuhesabu majibu ya ukumbi mzima papo hapo na kujua arudie wapi. Mwaka 2014 Mazur alipewa Tuzo ya Minerva, dola 500,000, na ukifuatilia kazi yake utaona ilianza bila kifaa chochote cha ajabu.

Hoja ya pili: ufundishaji haupimiki. Unapimika. Mwaka 2011 Louis Deslauriers, Ellen Schelew na Carl Wieman walichapisha jaribio la wiki moja katika Chuo Kikuu cha British Columbia. Kundi moja lilifundishwa na profesa mzoefu aliyesifiwa na wanafunzi, kwa mhadhara wa kawaida. Kundi la pili lilipewa walimu wasio na uzoefu wake, ila wakitumia maswali, majadiliano na vibonyezo. Mada ilikuwa ileile, mtihani uleule. La kwanza lilipata wastani wa asilimia 41, la pili 74.

Hapa niongeze onyo kwa wanaotaka wanafunzi wapige kura ya kumchagua mshindi. Utafiti mwingine wa Deslauriers, wa mwaka 2019, ulionyesha kuwa wanafunzi wa madarasa ya namna hii walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo. Kamati ipime walichojua kabla na baada ya kozi. Makofi hayatoshi.

Ya tatu ni kwamba mhadhiri analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Analipwa pia kwa utafiti, na bado makala zake ndizo zinazompandisha cheo, na Serikali ya Tanzania imeanzisha tuzo kwa wanaochapisha katika majarida makubwa ya kimataifa. Sipingi hata kidogo. Ila mtu akiona saa zake za kuandaa kozi hazihesabiwi popote, atazihamishia kwenye makala, na slaidi za miaka kumi iliyopita zitaendelea kupandishwa kwenye mfumo kwa jina la masomo ya mtandaoni.

Hoja yenye uzito kweli ni ya mwisho: wanafunzi wetu hawana bando. Ni kweli, wengi hawana, na ndiyo maana hasa ubunifu utuzwe. Maabara za kuigiza za PhET, mradi alioanzisha Wieman mwaka 2002 huko Colorado, ni za bure. Ukishapakua faili, unajaribia saketi za umeme bila intaneti, na mwenzio unamrushia kwa flashi. Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, nayo ni ya bure. Mhadhiri anayeukata mhadhara wa saa nzima kuwa vipande vya sauti vya dakika tano, vyepesi kutuma kwa WhatsApp, amefanya kazi ngumu kuliko anayerekodi video nzito isiyofunguka nje ya mji. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina wanafunzi waliotawanyika mikoani, na kwao tofauti hiyo ni ya kufuata kozi au kuiacha. Kwa hiyo fomu ya kuomba tuzo iwe na swali la lazima: mwanafunzi aliyeko Kasulu au Tandahimba anatumia megabaiti ngapi kwa wiki kufuata kozi hii? Asiyeweza kulijibu asubiri mwaka ujao.