Mkaguzi Analipwa na Nani?

Fundi yuko chini ya gari, tochi mkononi. Nchini Uingereza meno ya tairi la gari dogo hayaruhusiwi kupungua chini ya kina cha milimita 1.6, hili lina 1.7. Limepita kwa unywele. Pedi za breki nazo zimelika. Je, aliangushe gari au alipitishe kwa onyo tu?

Jibu lake lina bei. Ukaguzi huo wa kila mwaka, MOT, hufanywa zaidi na gereji binafsi. Ada ya gari dogo haipaswi kuzidi pauni 54.85, na gereji nyingi hutoza pungufu, zikitegemea kufidia kwenye matengenezo. Anayetangaza breki mbovu ndiye atakayelipwa kuzibadilisha. Lakini mteja mwenye magari 10 akiangushiwa mawili, kesho huyapeleka yote gereji ya jirani, na hapo kishawishi ni kupitisha. Hicho cha pili ndicho kinachonitisha. Aliyeuziwa pedi asizozihitaji amepoteza fedha. Aliyepitishwa na breki mbovu anaingia barabarani kukutana na watoto wanaovuka.

Ireland ya Kaskazini ukaguzi uko kwenye vituo vya serikali visivyotengeneza magari. Hakuna wa kuuziwa kipuri wala wa kubembelezwa. Hata hivyo, Januari 2020 lifti 48 kati ya 55 za kunyanyulia magari zilikutwa na dalili za nyufa, ukaguzi ukasimamishwa, na wenye magari hawakuwa na pengine pa kwenda.

Ndiyo maana naona Uholanzi wamelenga penyewe. Kazi wameiacha kwa gereji, ila mkaguzi akishaingiza matokeo kwenye mfumo wa mamlaka ya magari, RDW, kompyuta hupiga kura kuchagua magari ya kukaguliwa tena. Takriban magari 3 kwa kila 100 huangukiwa na kura hiyo. Likiangukiwa, gari hubaki likimsubiri afisa wa RDW aje alikague upya, na mkaguzi aliyekosea hupewa alama za adhabu.

Huko Gujarat, India, mwanauchumi Esther Duflo na wenzake walijaribu jambo kama hilo kwa wakaguzi wa uchafuzi wa viwanda: wakapangiwa viwanda kwa kura, wakalipwa kiwango maalumu kutoka mfuko wa pamoja badala ya mfuko wa mwenye kiwanda, na baadhi ya vipimo vyao vikarudiwa. Taarifa zao zikakaribia ukweli, na viwanda vikapunguza uchafuzi. Wakaguzi hawakuhubiriwa uaminifu. Kilichobadilishwa ni mkono unaowalipa.