Kupandisha Dau Si Kupanda Daraja

Neno dau lina maana mbili ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua. Ni chombo cha kusafiria majini, na pia ni fedha anayoiweka mcheza kamari kabla ya matokeo kujulikana. Wahenga wa pwani waliposema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi, walikuwa na chombo akilini: chombo duni hakiwezi kuukabili upepo. Hata hivyo, methali hiyo inamfaa pia mwanafunzi wa hapa Shieywe, mjini Kakamega, aliye mbali na bahari na ambaye dau lake limo ndani ya simu ya mkononi.

Hoja ya makala haya ni moja. Mwanafunzi anayepandisha dau huamini kwamba anapanda daraja. Sivyo. Kinachopanda ni kiasi cha hasara yake, na lugha tunayoitumia ndiyo inayomficha ukweli huo.

Watetezi wa mwenendo huu hupenda kutoa mfano wa poka, mchezo wa karata unaochezwa kwa fedha kwenye intaneti. Mfano huo haufai kupuuzwa. Katika poka wachezaji hushindana wao kwa wao, naye mwenye meza huchukua ada yake. Meza zimepangwa kwa ngazi, kuanzia za senti chache hadi za maelfu ya dola, na mchezaji stadi hupanda ngazi kwa masharti. Mwaka 2006, Chris Ferguson, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 2000, alianza bila senti hata moja akikusudia kufikia dola 10,000. Alijiwekea sharti la kutoingia mezani na zaidi ya asilimia 5 ya akiba yake. Akiba ilipopungua, aliteremka hadi meza ndogo. Alifanikiwa baada ya zaidi ya mwaka mmoja.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, bingwa wa dunia mwenyewe alihitaji muda wote huo na nidhamu yote hiyo kupata fedha ambazo kijana wetu anazitarajia Jumamosi moja jioni. Pili, kampuni ya Full Tilt Poker, ambayo Ferguson alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake, iliandamwa na serikali ya Marekani Aprili 2011, ikashindwa kuwalipa wachezaji. Wale wa Marekani walianza kurudishiwa fedha zao mwaka 2014 tu. Ustadi wa mchezaji haukuwa kinga dhidi ya mwenye meza.

Sasa tuirejelee kamari iliyozoeleka kwetu. Hapa mwanafunzi hashindani na mwenzake bali na kampuni inayopanga malipo. Tuchukue mchezo wenye uwezekano sawa wa kushinda na kushindwa, ambao kampuni hulipa shilingi 190 kwa kila dau la shilingi 100 linaloshinda. Kwa wastani, kila shilingi 100 hupoteza shilingi 5. Akiweka 1,000 atapoteza wastani wa 50. Akiweka 10,000 atapoteza 500. Uwiano haubadiliki hata kidogo.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kuliongeza dau maradufu kila unaposhindwa. Aanzaye na shilingi 50, akashindwa mara sita mfululizo, ataweka shilingi 3,200 mara ya saba. Kufikia hapo ametoa jumla ya shilingi 6,350. Akishinda, atapokea 6,080. Ameshinda, na bado amepoteza shilingi 270!

Je, vipi kuhusu wale wanaotajirika? Ni kweli kwamba mwaka 2017 Mkenya mmoja alijishindia zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri mechi 17. Lakini kila mechi ina matokeo matatu, na matatu yakizidishwa mara 17 huleta mikeka tofauti 129,140,163. Ujuzi wa soka hupunguza ugumu huo, hauuondoi.

Hapa ndipo wanaisimu tunapohusika. Tazama msamiati unaotumika. Kamari imeitwa ubashiri, kana kwamba ni elimu. Kuweka dau kumeitwa kuwekeza. La hatari zaidi ni kitenzi kurudisha: "Ninaongeza dau nirudishe pesa yangu." Kitenzi hicho kinachukulia kwamba fedha iliyopotea ingali mali ya msemaji, imehifadhiwa mahali ikimsubiri. Ukweli ni kwamba si yake tena, na analoliita kurudisha ni kucheza upya. Afadhali Watanzania, ambao bodi yao inaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Neno hilo halimfichi mtu kwamba hapo pana bahati.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi ni mtu mzima na ana hiari yake. Sheria inakubali: humzuia tu aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966 haikuubadilisha msingi huo. Lakini hiari ni juu ya mali ya mtu mwenyewe. Dau linalowekwa usiku katika vyumba vya kupanga vya Shieywe mara nyingi ni karo iliyotokana na ng'ombe aliyeuzwa, au ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao utadaiwa hata mkeka ukichanika. Likipotea, anayelia si mmoja. Mchuma janga hula na wa kwao.

Kwa hivyo, ninapendekeza chama chetu kianze na kazi iliyo ndani ya uwezo wake. Wahadhiri wa isimujamii wawape wanafunzi utafiti kuhusu lugha ya kamari, hasa matangazo yake. Katika midahalo yetu, kamari iitwe kamari. Na mwenzako akikuambia kwamba amepanda, muulize kwa upole: kilichopanda ni ustadi, au ni dau? Akishindwa kujibu, usimwache peke yake na simu yake usiku huo.